Ziara Yetu ya Makaburi ya Dar es Salaam



Wahariri wametutaka sisi walimu tulioongoza ziara ya Dar es Salaam tueleze tuliyoyaona. Tutaeleza inshaallah, lakini itatubidi tuanzie hapahapa Lupembe, kwa sababu ziara ile ilianzia hapa, tena ilianzia katika aibu.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Shaaban. Tumemaliza swala, watu wanavaa viatu, akafika mama mmoja mtu mzima na vijana wake wawili. Wametoka Songea. Alisema baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi, akizunguka vijiji vya huku, akaugua na kufia Lupembe mwaka 1974, yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Waislamu wa hapa ndio waliomwosha na kumzika. Sasa mama yake naye alikuwa amefariki, na kabla ya kufa alimuusia jambo moja tu: aje alizuru kaburi la baba yake amwombee dua.

Tukampeleka. Makaburi yetu wengi wenu mnayajua, yako nyuma ya ile miwati, ukungu ukishuka asubuhi huoni mwisho wake. Tulikwenda safu kwa safu. Mawe yapo, vijiti vilivyowekwa kuwa alama vimeshaoza, na vifusi vingi vimelala vikawa sawa na ardhi. Mzee wetu aliyekuwa akijua kila kaburi ni la nani alifariki Ramadhani ya nyuma yake, akaondoka na elimu yake yote. Miaka yote tuliyoishi naye hatukukaa naye hata siku moja na kalamu mkononi.

Yule mama hakulia. Alisimama mwanzo wa makaburi akasoma Yasini yote, akawaombea waliolala humo bila kubagua. Alipomaliza akatugeukia akasema kwa upole, "Walimu wangu, si nyie ndio mnaowafundisha watoto kuandika?" Akapanda gari, wakaondoka.

Hatukuwa na jibu.

Jumamosi yake tulikutana walimu wote. Wapo waliosema kaburi la Muislamu haliandikwi, kwa hiyo hakuna kosa lililofanyika. Ni kweli limekuja katazo la kuyajengea makaburi na kuyapaka chokaa, na wanazuoni wengi wamechukia kuyaandika. Lakini wote tulisoma chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alipomzika Uthman bin Madh'uun (R.A.) pale Baqii, Madina, alilibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwa, apate kulijua kaburi la ndugu yake na kuwazika karibu yake watu wake watakaofariki. Basi alama ina asili. Na daftari halikai juu ya kaburi, linakaa kabatini.

Hapo mmoja wetu akakumbuka kwamba alipokuwa Dar es Salaam akisomea diploma ya masomo ya Kiislamu, kila siku daladala lilikuwa likimpitisha kwenye makaburi fulani kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, majani yamekatwa, mawe yamepangwa kama safu za swala. Ni Makaburi ya Vita. Alikuwa akidhani ni ya Wazungu watupu, mpaka siku moja akaingia. Akatuambia, "Waislamu wamo. Na vita vyenyewe vilipiganwa mpaka hapa kwetu." Likazuka wazo la kuwapeleka wanafunzi wa darasa la juu wakati wa likizo ya Desemba.

Mzazi mmoja alitupinga, na kwa kuwa alitupinga mbele ya watu, tutamjibu mbele ya watu, kwa heshima. Alisema, "Mnawatoa watoto wetu Lupembe mpaka Dar kwenda kuzuru makafiri?" Baba yetu, ulikuwa na haki ya kuuliza. Soma mpaka mwisho.

Tuliondoka wanafunzi kumi na wanane na walimu watatu, kwa basi dogo la kukodi, tukateremka Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa. Safari hatutaisimulia, isipokuwa tuseme kwamba watoto waliozaliwa katika baridi yetu walivua masweta Ruaha Mbuyuni na hawakuyavaa tena mpaka tuliporudi. Dar es Salaam tulipokewa na ndugu zetu wa madrasa moja ya Temeke, Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Asubuhi tulianzia katikati ya mji, penye sanamu ya askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe. Hatukwenda kuitukuza sanamu, tulikwenda kusoma. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za kawaida, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wetu waliziona zile herufi wakadhani ni Kiarabu, wakaanza kuunganisha, alifu, be, te, na ghafla msichana mmoja akapiga ukelele: "Ustadh, ni Kiswahili!" Wapita njia waligeuka. Siku hiyo waliamini tuliyokuwa tukiwaambia, kwamba mababu zetu waliiandika lugha hii kwa herufi za chuoni kabla ya kuja hizi nyingine.

Yale maandishi yanaahidi kwamba aliyekufa vitani, jina lake litakumbukwa na wanawe. Tukawaambia wanafunzi waizunguke sanamu watafute jina. Wakaizunguka mara mbili. Hakuna hata moja.

Kutoka hapo tukaenda Makaburi ya Vita.

Wanafunzi wetu wamezoea makaburi ya vichaka, basi walipoingia walisimama kwanza. Majani mafupi kama zulia, maua, mawe yamepangwa mstari, kila jiwe na jina, cheo, kikosi na siku ya kufa. Tukawakalisha chini ya kivuli tukawapa historia yake, nayo ni hii.

Vita vilipoanza mwaka 1914 nchi hii ilikuwa ya Wajerumani. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wakaufanya bandari yao ya kuingizia vyakula na silaha na ya kuwatolea wagonjwa na majeruhi. Hospitali za kijeshi zilifunguliwa mjini, na palipo na hospitali ya kijeshi makaburi hayakosekani. Katika vita vya huku kwetu watu wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi: malaria, kuhara damu, vichomi. Walizikwa karibu na bahari, Barabara ya Ocean. Mwaka 1968 ilitakiwa kujengwa barabara mpya, makaburi 660 yakafukuliwa na kuhamishiwa hapa. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka pembe mbalimbali za Tanzania, yale yaliyoonekana hayatapata wa kuyatunza. Leo wamo 1,764 wa Vita vya Kwanza walio wa upande wa Uingereza na makoloni yake, na 60 kati yao hawajulikani ni nani. Wapo pia wa Vita vya Pili, na wa mataifa mengine kama Ubelgiji na Ujerumani.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama inafaa kumfukua maiti kwa ajili ya barabara. Ni swali zuri. Tulimjibu kwamba asili ni haramu, maiti ana heshima yake kama aliye hai, na dharura ina masharti yake. Tukamwahidi kulisoma suala hili vizuri darasani, na tumelisoma.

Lakini sehemu iliyotupeleka hasa ilikuwa nyingine. Kule Barabara ya Ocean, wafu walizikwa kwa mafungu. Waliokuwa na mawe yao walihamishwa kila mtu na jiwe lake. Palikuwa pia na fungu la Waafrika Wakristo, fungu la wasiokuwa Wakristo, na fungu la Waislamu. Katika mafungu hayo matatu hakuna aliyekuwa ameweka alama kaburi kwa kaburi. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuhama, haikuwezekana kujua mifupa hii ni ya nani na ile ni ya nani. Wakazikwa upya kwa pamoja, makaburi ya jumla, kila kaburi na ukuta wake wa kumbukumbu.

Tulisimama mbele ya ukuta huo. Tuliwaona wanafunzi wetu wakiangalia yale mawe ya mtu mmoja mmoja, kisha wakiangalia ukuta, kisha mawe tena. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mvulana wa miaka kumi na minne akauliza, "Ustadh, salamu tunamtolea nani hapa?" Tukamkumbusha mambo mawili aliyokwisha kuyasoma. La kwanza, Mtume (S.A.W.) aliwahi kupita penye kikao cha watu waliochanganyika, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na akatoa salamu. La pili, katika madhehebu yetu ya Shafi, maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wasiokuwa Waislamu ikawa haiwezekani kuwatenganisha, huoshwa wote na kuswaliwa, na nia inakuwa kwa Waislamu walio miongoni mwao. Haachwi Muislamu hata mmoja akakosa haki yake kwa sababu hajulikani. Basi tukatoa salamu ya watu wa makaburini, tukawaombea. Baba yetu uliyetupinga, hao ndio tuliokwenda kuwazuru.

Mtunza bustani aliacha kazi akasimama nasi mpaka tulipopokea amini. Alikuwa Mkristo. Alisema wageni wengi huja kutafuta jiwe la babu yao, wanapiga picha wanakwenda, na kwamba upande ule wa ukuta ni mara chache kuona watu wamesimama.

Sasa Lupembe inaingia wapi? Wanafunzi wetu wengi walikuwa hawajui kwamba Novemba 1916 hapa petu palikuwa uwanja wa vita. Jeshi la Wajerumani la upande wa magharibi, likiongozwa na Jenerali Wahle, lilikuwa likirudi nyuma baada ya Tabora kutekwa na Wabelgiji mwezi wa Septemba. Likapita nchi ya Wahehe na Wabena likitafuta njia ya Mahenge, na hapa Lupembe likakizingira kikosi kidogo cha Waingereza kwa siku kadhaa. Mwisho wa mwezi huohuo, kule Ilembula, kikosi kingine cha Wajerumani kiliweka silaha chini. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1918, jeshi la Wajerumani likapita tena Njombe, na Jenerali Wahle yuleyule akaachwa mgonjwa huku Ubena, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Jina lake limo katika kila kitabu cha vita hivyo. Aliyembebea sanduku lake kutoka Tabora mpaka hapa hatajwi.

Maana askari mmoja hakuweza kwenda bila wapagazi. Njia hazikuwapo, ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, basi mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu. Waingereza na washirika wao waliwachukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Hesabu rasmi inataja waliokufa kuwa zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaona ni zaidi ya hapo. Hao ni wa upande mmoja tu. Jina Kariakoo, ambako kila mmoja wenu anatamani kwenda kununua nguo za Idi, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwani hapo ndipo ilipokuwa kambi yao. Tuliwapitisha wanafunzi Kariakoo jioni ile. Walinunua viatu, kama ilivyotarajiwa.

Tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, mkubwa kwa mdogo. Kanuni hiyo kwa Waafrika haikufuatwa. Miaka ya 1920 wakubwa wa wakati ule waliona kwa wapagazi inatosha kuwekwa sanamu mjini, na makaburi yao yakaachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri hayo na kuomba radhi. Ripoti inasema watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda wakafika 350,000.

Tuliposoma ripoti hiyo kwa mara ya kwanza tulikasirika sana. Kisha tukamkumbuka yule mama wa Songea, hasira ikatuishia. Sisi hatukuwa na milioni ya watu. Tulikuwa na makaburi ambayo mtoto anaweza kuyazunguka kabla chai haijapoa.

Siku ya pili tulikwenda Kisutu, makaburi ya Waislamu yaliyo katikati ya jiji, magari yakipiga honi pande zote. Mzee mmoja tuliyemkuta humo alituonyesha alipolazwa marehemu Abdulwahid Sykes, aliyefariki Oktoba 1968. Huyu ni mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Mdogo wake Ally Sykes, aliyekuwa na kadi ya TANU namba 2 nyuma ya Mwalimu Nyerere mwenye namba 1, alifariki Mei 2013 na naye akazikwa Kisutu. Tulilichagua kaburi hili kwa makusudi. Babu yao, Sykes Mbuwane, aliletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuwa askari wao, na inasimuliwa katika familia kwamba alikufa maji katika mto Ruaha wakirudi kutoka vita vya Wahehe. Baba yao, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Wajerumani katika vita hivihivi vya 1914. Baadaye akawa katika walioanzisha African Association mwaka 1929 na Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Abdulwahid mwenyewe alipigana Burma katika Vita vya Pili, safari hii upande wa Waingereza. Vizazi vitatu vya askari, wa kwanza amechukuliwa na maji. Lakini kwa kuwa watoto waliandika habari za wazee wao, na wengine wakaendelea kuzitafiti, leo mtoto wa Lupembe anaweza kusimama Kisutu akasimulia mpaka habari za babu aliyezama Ruaha.

Wasichana waliomba twende pia Kinondoni wakaone kaburi la mwigizaji Steven Kanumba, aliyezikwa pale Aprili 2012 kwa umati ambao watu bado wanausimulia. Muda haukuruhusu. Na tuseme kweli, hata ungeruhusu, walimu tungebishana.

Tulipovuka daraja la Ruaha wakati wa kurudi, mvulana yuleyule aliyeuliza juu ya salamu aliomba tusome Fatiha. Tukasoma, dereva akapunguza mwendo.

Tangu tuliporudi wanafunzi wa darasa la juu wamegawana vijiji. Kila Jumapili wanakwenda wawiliwawili kwa wazee na daftari, wanauliza nani amezikwa wapi, mwaka gani, mtoto wa nani, nani alikuwa jirani yake kaburini. Yanayothibitishwa na watu wawili yanaandikwa kwa wino, ya mtu mmoja kwa penseli. Tumechora ramani, na kila kaburi lina namba ndani ya ramani, juu ya ardhi ni jiwe tu lisilo na maandishi. Mpaka tunaandika makala haya makaburi thelathini na manne yamepata wenyewe, kumi na moja kati ya hayo kwa penseli. Wazazi mlio Makambako, Iringa na kwingineko, ambao mna mtu wenu amelala hapa, tafadhalini tumeni habari kwa wanafunzi wenu kabla ya mfungo.

Habari moja ya penseli tuieleze. Wanafunzi wawili walifika kwa bibi mmoja wa hapa jirani, Mlutheri, mwenye umri mkubwa, wakitafuta habari za mtu mwingine kabisa. Akawaambia kwamba walipokuwa bado wana nguvu alikufa "Mswahili muuza vitambaa", Waislamu wakawa wachache na udongo una mawe, mumewe akawapelekea jembe na sururu na akachimba pamoja nao. Anakumbuka kwa sababu sururu ilirudi imevunjika mpini. Tulimchukua kwa gari, akatuonyesha kwa fimbo yake, pembeni kabisa, penye kisiki cha mwati. Tumeweka jiwe hapo. Tumempigia simu yule mama wa Songea, hatukumwambia kwamba ndilo, tumemwambia bibi amesema nini, na kwamba limeandikwa kwa penseli.

Alinyamaza muda mrefu mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza jina la yule bibi, ili aje na kitenge chake. Amesema atafika mvua zikipungua, barabara ikipitika.